Haller Park na mavyaa mwenye goti bovu: nipangeje?

Ummu Aisha
Asalaam aleikum wadau. Skuli zafungwa wiki ijayo na wifi yangu anashuka na treni ya SGR kutoka Nairobi na wanawe watatu. Tumekubaliana tutoke sote siku moja: watu wazima watano, watoto sita, mdogo kabisa ana mwaka na nusu. Mume wangu ataka Haller Park ya Bamburi, penye miti na wanyama, kwa kuwa watoto wamechoka kupelekwa pwani kila mara.

Shida ni mavyaa. Ana miaka 78, goti la kulia lamsumbua, na kila nikimtajia safari hii hunijibu, "Mwanipeleka shimoni nikatazame nini?" Marehemu mumewe alikuwa kibarua wa kuvunja jiwe la saruji kule Bamburi miaka ya sitini, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Kwake pale ni jiwe jeupe, vumbi na jua. Sitaki kumlazimisha, wala sitaki kumwacha nyumbani na redio.

Nauliza: twende saa ngapi? Chakula tubebe? Mtu wa goti atafanyaje? Twakaa Likoni, hesabuni na feri.

mwana_majengo
Waaleikum salaam. Mimi ningekwenda mchana. Siku zote nilizofika, twiga walilishwa saa tano na saa tisa, viboko saa kumi. Mkila nyumbani adhuhuri mkatoka, habari ya chakula imekwisha na wanyama wote mtawapata. Watoto huwalisha twiga kwa mikono yao. Ulimi wa twiga ni mrefu na una mate mengi, kwa hivyo aliyevaa nguo ya Idi asije akalia.

Binti Mtwapa
Mchana na mtoto wa mwaka na nusu? Huo ndio wakati wake wa kulala, atawalilia mpaka kwa viboko! Fika saa tatu na nusu, zungukeni polepole, saa tano muwe kwa twiga, kisha mrudi zenu. Kiboko hata asipolishwa utamwona mgongo.

Chakula usiingie nacho mkononi. Tumbili wa pale humjua mtoto mwenye kitu tangu getini. Mwaka jana mwanangu alipokonywa sambusa, tumbili akapanda nayo mtini akaila huku akitutazama. Kama mna kikapu kikubwa, ulizeni getini pa kulia kabla hamjakifungua.

Fundi_Baiskeli
Kwani lazima Haller? Mko Likoni, shukeni kusini mwende Kaya Kinondo, Diani, hamna haja ya feri. Msitu wa wazee wenyewe, na kaya za Mijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zimo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Mtafungwa kaniki, mtaingia na mwenyeji awaeleze kila mti na dawa yake.

Ummu Aisha
Ahsante ndugu, lakini kule ni mahali pa heshima, na hawa wa Nairobi wanakuja na mpira. Nitasimama mbele ya wazee wa kaya nikinyamazisha watoto sita?

Mzee wa Bao
Binti yangu, wenzangu wakupangia saa. Mimi nina neno na huyo mavyaa wako.

Asemalo ni kweli, palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilianza 1954. Jiwe lile ni matumbawe ya kale, wakalichimba mpaka wakakaribia maji ya chini, nayo yana chumvi. Mwaka 1971 Rene Haller, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo kiwandani, akaanza kujaribu miti juu ya lile jiwe tupu. Alipanda aina 26. Zilizostahimili ni tatu: mnazi, mti mmoja wa upande wa Somalia, na mvinje. Mvinje ndio ulioshinda yote, kwa sababu mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, kwa hivyo haungojei rutuba ya ardhi.

Lakini majani ya mvinje yalikuwa yakianguka hayaozi. Yakalala pale kama jamvi. Dawa yake ikawa majongoo! Walikusanywa wakamwagwa humo, wakala majani, na mavi yao ndiyo yaliyoanza kuwa udongo. Hivi leo ukikanyaga pale penye kivuli, jua unakanyaga kazi ya jongoo. Watu wakaanza kufunguliwa kuingia 1984.

Sasa usimwambie mama mnampeleka kutembea. Mwambie hivi: "Twende ukatuonyeshe ulikuwa ukipita wapi na chakula cha baba."

Binti Mtwapa
Mzee wa Bao, sikudhani ipo siku nitalizwa na jongoo.

mwana_majengo
Goti ndilo la kulitolea pesa. Msibadilishe matatu njiani na feri juu yake, kodini gari moja la watu wote. Mkienda na matatu ya Mtwapa mtashukia upande wa geti, sawa, lakini kurudi itawabidi mvuke barabara ya Malindi na watoto sita na ajuza. Ndani bebeni kiti cha plastiki, nafasi za kupumzika zipo ila si kila goti litakapogoma. Vitambulisho pia, kiingilio cha Mkenya na cha mgeni si kimoja.

Wale wakubwa wasimulie habari ya Owen mkiwa njiani: yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo akamganda kobe mkongwe aitwaye Mzee, wa miaka kama 130, akimfuata kila aendako mpaka akawa analala ubavuni pake.

Ummu Aisha
Mrejesho, kama nilivyoahidi.

Maneno ya Mzee wa Bao nilimwambia usiku. Hakujibu. Asubuhi nikamkuta keshavaa buibui, kakaa kibarazani na bakora yake, atuuliza mbona twachelewa. Feri ilitushika, tukafika saa tano imepita, lakini twiga walikuwa bado wanatafuna.

Kiti cha plastiki kilitufaa kuliko kitu chochote. Mavyaa alisimama penye ukuta wa jiwe uliobaki, akaupapasa, akasema, "Hapa hapakuwa na kivuli cha kumtosha kuku." Kisha akaketi. Mtoto akalala mapajani mwake, kwa hivyo ule ubishi wa asubuhi na mchana ukajimaliza wenyewe: tulikaa mpaka saa kumi, viboko tukawaona wakilishwa. Watoto walipita wakimkusanyia majongoo kwenye kifuniko cha chupa, wifi yangu akipiga mayowe. Pilau tulilia kwenye gari, madirisha yamefungwa kwa ajili ya tumbili, joto hilo msiulize.

Sasa mavyaa ataka mche wa mvinje apande uani. Upande huu wa Likoni miche yauzwa wapi?