Tupeane uzoefu: Samaki wa mito yetu ya Tanga tunawajua kiasi gani, na nani anawalinda?

Mwalimu wa Korogwe

Ndugu zangu, hamjambo. Juzi sokoni hapa Korogwe nilimsikia kijana akimuuliza mama muuza samaki kama fungu lililokuwa mbele yake lilikuwa la perege wa mtoni au la samaki wa kufugwa, na mama yule akamjibu kwamba samaki ni samaki, la muhimu mafuta yawe yamechemka. Tangu hapo najiuliza ni wangapi kati yetu wangeweza kumjibu kijana yule ipasavyo. Mkoa wetu una perege wake wa asili, ambaye wataalamu humwita Oreochromis korogwe. Aliandikwa kitaalamu mwaka 1955 na mtafiti Rosemary Lowe, na makao yake ni Mto Pangani na Mto Zigi. Wanafunzi wangu, hata ninapowaambia wachore samaki wa mtoni, huchora samaki wa baharini. Naomba kila mwenye kumbukumbu aieleze: ulimjuaje samaki wa maji baridi, nani alikufundisha, na huko uliko mto unalindwa vipi?

Mjukuu wa Mvuvi

Shikamoo mwalimu. Umenikumbusha marehemu babu, aliyekuwa akitega migono, ile mitego ya kusuka, katika Mto Lwengera. Yeye hakutufundisha kwa kutaja majina, alitushikisha samaki mwenyewe. Kwa kambare tulianza na kichwa, ambacho ni bapa na kigumu, tukaja kwenye ngozi isiyo na magamba, kisha akatuhesabisha ndevu nane, na mwisho akatuonyesha ule mwiba wa pezi la kifuani unaomchoma kila asiyejua pa kushika. Ngogo hakuturuhusu kumshika ovyo, maana miiba yake hukakamaa na kujifunga, na ukimtoa majini hulia kwa kuisugua. Perege alitutaka tumfumbue mdomo kabla ya kumtia kikapuni. Akiwa jike mwenye mayai au vifaranga kinywani, basi alirudishwa majini taratibu, na hakuna aliyethubutu kubishana.

Masika tulikesha. Kambare huuacha mto na kuingia katika majani yaliyofurika ili wazae, na kwa kuwa wana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa juu ya matamvua yao, huweza kukatiza hata kwenye nyasi zilizolowa. Babu aliacha mkondo mmoja bila mgono kila msimu, akisema kwamba wanaopita hapo ni wa mwakani.

Mama Lishe wa Hale

Ni kweli kabisa. Kambare wa masika nasi huku Hale tulimngoja vivyo hivyo.

Mkaazi wa Bonde la Zigi

Mjukuu wa Mvuvi, habari ya perege mwenye vifaranga kinywani imenitonesha kidonda, na naomba mnivumilie niieleze yote.

Ilikuwa kiangazi. Zigi ilikuwa imepungua mpaka mawe yametokeza, na samaki wamejikusanya katika vina vichache vilivyobaki chini ya miti. Mke wangu alitangulia mtoni alfajiri kuteka maji, akarudi na ndoo tupu na kuniambia nimfuate. Nilipofika niliwaona kwanza kaa wa mtoni, wamepanda juu ya mawe na hawakimbii hata ukiwakaribia. Kisha nikawaona perege wakielea kwa ubavu, wakubwa kwa wadogo. Nilimwokota jike mmoja, na nilipomwinua mdomo ukafumbuka wenyewe, vifaranga vikamiminika kiganjani mwangu, vyote vimekufa, vimebaki macho tu meusi na mwili unaopenya mwanga. Mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ambao mchana huwezi kuwaona kwa sababu hujificha chini ya mawe, walikuwa wametoka na kujinyonganyonga kandokando mpaka wakafia mchangani. Juu kidogo tulizikuta chupa za dawa ya kuulia wadudu wa mashambani. Waliomwaga walikuja usiku, wakajaza magunia yao, wakaondoka kabla hatujaamka, na nina hakika kwamba samaki wale waliuzwa barabarani asubuhi ile ile kwa watu wasiojua lolote.

Kijiji kizima kilihamia kwenye vishimo vya mchangani, tukichota maji kwa kata, huku watoto wakikatazwa hata kunawa mtoni. Tulipeleka taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akatufikisha kwenye ofisi moja ambako tuliambiwa tuwalete wahalifu kwanza ndipo suala lishughulikiwe. Nawauliza ninyi mlioko mjini: mnajua kwamba mto huu ndio unaoingia katika bwawa la Mabayani, ambalo Jiji la Tanga linalitegemea kwa maji ya kunywa?

Dada wa Ngamiani

Pole sana kaka yangu. Mimi maji hayo nayanywa kila siku na sikuwahi kusikia habari hii. Watoto walisalimika?

Mkaazi wa Bonde la Zigi

Ahsante dada. Wote walisalimika, namshukuru Mungu.

Mzee wa Maramba

Poleni. Lakini tusichanganye mambo. Zamani wazee walitwanga majani ya utupa, mmea wa kulewesha samaki, na kuyatia katika dimbwi lililokwisha kukatika na mto, kwa siku iliyotangazwa, na kila nyumba ilipata kitoweo. Hilo halifanani na uhalifu wa kumwaga dawa ya shambani katika maji yanayotembea.

Kijana wa Kamati ya Mto

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, sikubaliani nawe. Sumu ya utupa humzuia samaki asiweze kutumia hewa iliyomo majini, na haichagui mkubwa wa kuliwa na mchanga wa kuachwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, iwe imetoka porini au dukani. Tukianza kuitetea ya majani, yule mwenye chupa atasema naye ana desturi yake.

Mzee wa Maramba

Marahaba mwanangu. Sheria naiheshimu na sijamwambia mtu akatwange utupa leo. Ninachotetea ni ule utaratibu: mto ulikuwa na wenyewe, na mgeni hakuweza kuingia usiku akavua bila kuulizwa. Kamati zenu zina muhuri na daftari, lakini usiku mtoni hayupo mtu.

Kijana wa Kamati ya Mto

Hapo sina pingamizi, mzee wangu. Doria ya usiku inahitaji tochi, viatu na mtu wa kukubakishia chakula nyumbani, na wanakamati wetu wote ni wa kujitolea.

Mama Lishe wa Hale

Doria ya usiku itawaletea majeraha bure. Wabaneni wanunuzi. Mkitaka mlinzi wa kweli, wapeni kazi hiyo kina mama wanaonunua samaki kwa jumla, kwa sababu hakuna askari anayemkagua samaki kama mwanamke anayetoa fedha yake mfukoni.

Fundi Nyavu

Mimi naona tofauti. Sumu hutokea mara moja moja, lakini chandarua cha mbu kinavuta kila jioni. Nimekaa kandoni mwa Pangani nikishona nyavu, na nimeona watoto wakikokota chandarua kwenye maji ya kina kifupi, wakatoa vifaranga vyembamba kama punje za mchele, wakavianika juani. Perege dume huchimba kiota chake palepale kandoni kwenye maji ya kina kifupi, kwa hiyo chandarua kinapita juu ya nyumba ya uzazi. Mwenye nyavu za macho makubwa hata akivua usiku kucha hawezi kuharibu kiasi hicho.

Mfugaji wa Muheza

Ndugu zangu, nasoma malalamiko mengi na dawa iko wazi: tufuge. Mimi nina mabwawa ya sato na soko lipo. Kila kilo inayotoka bwawani ni kilo ambayo haikuvuliwa mtoni. Badala ya kuwafukuza watoto wenye vyandarua, wapeni vifaranga na koleo.

Mwalimu wa Korogwe

Ndugu mfugaji, nakupongeza kwa kazi, lakini hapa pana jambo zito ambalo haifai tulipite. Sato, yaani Oreochromis niloticus, si mwenyeji wa mito yetu. Akitoroka bwawani huzaana na perege wa asili, na watafiti wamekwisha kuwakuta machotara wa namna hiyo katika maji ya Tanzania. Mto unaweza ukajaa samaki, lakini yule perege wa kwetu akawa ameyeyuka ndani yao. Kule juu kabisa mwa bonde hili la Pangani, perege wa Ziwa Jipe amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Anayetaka kumtambua sato amtazame mkia: una mistari ya wima iliyopangika mkia mzima. Ukimkuta mtoni samaki mwenye mistari hiyo, ujue kuna bwawa limevuja mahali.

Mfugaji wa Muheza

Mwalimu, mimi si adui wa mto. Bomba langu la kutolea maji lina wavu wa matundu madogo, na nauangalia mwenyewe. Lakini msitake mkulima ale kwa kumtunza perege mdogo anayekua polepole. Watoto wangu wanasoma kwa sato.

Kijana wa Kamati ya Mto

Wavu haukuzuia chochote masika yale maji yalipopita juu ya tuta, kaka. Bwawa lako liko chini mno kuelekea mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetutaka tuache mita 60 kutoka ukingoni bila shughuli ya kuharibu, na sababu moja ni hiyo hiyo.

Mfugaji wa Muheza

Bwawa langu hujawahi kuliona, kijana. Njoo upime kwa kamba kabla ya kuliandika.

Kijana wa Kamati ya Mto

Nitakuja, na kamba nitaibeba.

Msomaji wa Chuda

Mbona hakuna aliyemtaja silikanti, samaki aliyeufanya ulimwengu uijue Tanga?

Dada wa Ngamiani

Silikanti ni wa baharini, na hifadhi yake ya bahari alikwisha kuipata mwaka 2009. Leo tuwape nafasi wa mtoni, ambao hata sisi tunaokunywa maji yao hatuwajui.

Binti wa Bweni

Mimi nataka kurudi kwa mikunga aliyoitaja ndugu wa Zigi, kwa sababu huku Pangani mlangoni tunawaona wakiwa katika hali nyingine. Mkunga wa mtoni huzaliwa mbali ndani ya Bahari ya Hindi. Akiwa mdogo, mwembamba na mwenye kupenya mwanga, huingia mtoni na kupanda juu, akaishi huko miaka mingi, kisha akikomaa hushuka tena baharini kuzaa na kufa. Kwa hiyo wale waliouawa Zigi walikuwa wametoka baharini, na safari yao ilikuwa bado haijakamilika. Na katika Mto Pangani njia yenyewe ina vizuizi: kituo cha umeme cha Hale kimekuwapo tangu mwaka 1964, kile kipya cha Maporomoko ya Pangani tangu mwaka 1995, na juu zaidi kuna bwawa la Nyumba ya Mungu. Umeme tunauhitaji na siulaumu, ila mkunga naye ana haki ya kufikiriwa maji yanapogawanywa.

Jambo la pili ni chumvi. Mto unapoteremka ukiwa na maji machache, bahari hupanda mtoni. Wazee wetu huonyesha mahali ambapo walikuwa wakichota maji ya kunywa kutoka kwenye mtumbwi, na leo hapo maji ni ya chumvi. Anayemtafuta perege inambidi apige kasia juu zaidi kuliko baba yake. Mtu wa Moshi anayefungulia mfereji wake na mtu wa Bweni anayeonja chumvi wanatumia mto mmoja, na ndiyo maana bonde zima lina bodi yake ya maji. Nawasihi mhudhurie vikao vya jumuiya za watumia maji. Wakulima wa umwagiliaji huja wengi na kwa mpangilio, wavuvi hatuonekani, kisha tunashangaa maamuzi.

Fundi Nyavu

Vikao hivyo hufanywa siku ya kuvua. Wabadilishe siku.

Mpita Njia wa Mombo

Kuna samaki mnaowasahau kwa sababu hawaliwi. Huku kwetu, masika yakijaza madimbwi ya pembeni mwa barabara, huonekana visamaki vidogo ambavyo madume yake yana mkia mwekundu na mwili wa samawati. Watu husema vimenyesha na mvua. Ukweli ni kwamba mayai yake yalibaki ndani ya tope kiangazi chote, dimbwi likiwa limekauka na ng'ombe wakipita juu yake, na mvua inapokuja huanguliwa, hukua kwa wiki chache, huzaa, kisha hufa dimbwi linapokauka. Dimbwi likifukiwa kwa kifusi wakati wa kiangazi, kizazi kizima kimezikwa na hakuna aliyejua kwamba palikuwa na samaki. Naomba wanaojenga wajue hivyo.

Mkaazi wa Bonde la Zigi

Nawashukuru nyote. Kwa wanaotaka kujua tumefanya nini tangu siku ile: wakulima wa bonde letu wamo katika umoja wa UWAMAKIZI, unaohifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, na kazi kubwa ni kupanda miti, kulima kwa matuta ili udongo usiteremke, na kuuacha ukingo ufunikwe na majani. Perege wameanza kuonekana tena kwenye vile vina, ingawa wengi bado ni wadogo. Mikunga sijawaona bado.

Mwalimu wa Korogwe

Nimeandika kila kitu. Mjukuu wa Mvuvi, kama migono ya babu bado ipo, nawaomba wanafunzi wangu waje kuiona.

Mjukuu wa Mvuvi

Ipo miwili mizima, mwalimu, na mjomba anajua kusuka mingine. Waje baada ya masika, maji yakishapungua Lwengera, na wavae viatu vya mpira. Pangani penyewe wasishuke, kuna mamba.