Shule imezuia vinywaji vyote isipokuwa maji, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Mwanangu yuko darasa la tatu, hapa Dar. Shule imetangaza mtoto aje na chupa ya maji tu. Soda naunga mkono kabisa, kopo la kola la mililita 330 lina sukari karibu gramu 35, hiyo si ya kumpa mtoto kila siku. Ila wamezuia hadi uji wa ulezi! Huyu wangu basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, hali kitu, uji ndio anaunywa mapumziko ya saa nne. Mwalimu anasema wakiruhusu chupa za chai, wengine watatia soda humo humo. Hoja anayo, sawa. Sasa nimwandikie mkuu wa shule au nisubiri kikao cha wazazi? Yaliyowakuta haya, mlifanyaje?