Umewahi kupewa brashi barabarani? Tupeane uzoefu wa sanaa ya kushirikishana mitaani

Fundi Rangi wa Temeke

Wakuu, habari za jioni.

Mtaani kwetu kuna ukuta mrefu wa tofali za bloku, nyuma ya kijiwe cha bodaboda. Miaka yote niliyokaa hapa umekuwa na maandishi mekundu tu: USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. Na chini ya maandishi, kama mjuavyo, ndipo palipolowa kuliko pote.

Miaka kadhaa nyuma shirika moja (jina kapuni) lilituletea mradi wa "sanaa shirikishi". Jumamosi asubuhi tumedamka na watoto, tukagawiwa fulana na brashi. Kufika ukutani, mchoro wote umeshachorwa kwa penseli na kila kipande kina namba: moja bluu, mbili njano. Kazi yetu kujaza tu, kama daftari la chekechea. Mama muuza uji akaomba sufuria lake nalo lichorwe pembeni, akajibiwa halimo kwenye mchoro. Zikapigwa picha, zikanyweka soda, wageni wakaondoka. Hazikupita wiki mbili: juu njiwa wa amani, chini dimbwi lilelile.

Sasa vijana wa kijiwe wanataka kuupaka upya, safari hii wenyewe, na mimi wamenipachika uenyekiti kwa kuwa nimepaka nyumba za watu miaka kumi na moja. Kabla sijaharibu, naomba wenye uzoefu mtiririke. Nadharia sizitaki. Semeni mlifanya nini, wapi, nani aliamua kichorwe nini, na mwaka uliofuata ukuta ulikuwa na hali gani.

Mtoto wa Reli

Mimi nimekulia Kibera, Nairobi. Mapema 2008, fujo za baada ya uchaguzi zikiwa bado, msanii wa hukohuko kwetu anayejiita Solo 7 alizunguka akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na mabati, hata kwenye vibanda vilivyoungua. Rangi, brashi na herufi kubwa, basi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Mwaka uliofuata, 2009, akaja Mfaransa anayeitwa JR. Yeye alipiga picha akina mama wa Kibera, nyuso na macho, akazichapisha kubwa sana na kufunika nazo mapaa, jumla kama mita za mraba 2,000. Sasa sikia ujanja wake: picha zile hazikuwa za karatasi, zilikuwa za plastiki nzito isiyopitisha maji. Walioziona kutoka mbali waliona sanaa. Sisi tuliona turubai. Jirani yangu bati lake lilikuwa linavuja juu ya kitanda kabisa, usiku wa mvua alikuwa analala na beseni miguuni. Aliwekewa jicho la mwanamke asiyemjua, hata hakuuliza ni la nani. Mvua kubwa zilipokuja, beseni likarudi bafuni.

Halafu kulikuwa na lile la treni. Mabehewa yalibandikwa macho. Chini, kwenye mteremko wa reli, yakapangwa mabati yenye pua na midomo ya wanawake haohao. Treni ikipita, kwa sekunde moja hivi macho yanaangukia juu ya pua yake, sura inakamilika. Kufumba na kufumbua treni imeenda na macho, imebaki midomo. Nilikuwa mtu mzima lakini nilirudi kuingojea kama mtoto.

Ushauri wangu, fundi: kabla hujauliza watu wanataka kuchora nini, uliza ukuta wenyewe unavuja wapi.

Binti Mvita

Assalaam aleikum. Yetu ilikuwa Mji wa Kale, Mombasa, ukuta wa pembeni ya baraza tunapokaa jioni. Vijana walisema kila mwanamke wa mtaa atoe jina la kanga alipendalo, nao watalipiga ukutani kwa herufi kubwa, na pindo lake juu na chini kama kanga ya kweli. Wazo zuri, sivyo? Ngojeni.

Mama mkwe wangu, mtu wa heshima zake, akatoa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Yakaandikwa kumkabili jirani mlango kwa mlango. Jirani hakulala. Asubuhi yuko na vijana wale, naye anataka yake, na yawe makubwa zaidi: HASIDI HANA SABABU. Wiki moja ukuta mzima ukawa mipasho. Waume wakawa wanapitia uchochoro wa nyuma. Wazee wakakutana kutaka upakwe chokaa yaishe.

Hapo ndipo wale wawili waliokuwa hawasalimiani walipokuja pamoja, mabuibui yamefungwa kiunoni, wakasema atakayegusa ukuta huu atatujua. Mpaka leo upo. Chumvi imeanza kuula kutoka chini, na kila ikikaribia Idi wanawake wenyewe huchanga kununua rangi.

Kwa hivyo ukiwaachia watu waseme, kaka yangu, jua watasema. Usiombe maneno ya watu kisha ukayaogopa.

Mama Wawili

Mimi nina moja tu na nina hasira nayo bado. Mliokuja kuchukua alama za viganja vya watoto ukutani: mlitumia RANGI YA MAFUTA. Mwanangu karudi mikono ya kijani mpaka kwenye viwiko. Sabuni haitoi, maji ya moto hayatoi. Nimemsugua kwa mafuta ya taa na kitambaa huku analia, usiku ngozi imekuwa nyekundu. Ukuta ulipendeza, sikatai. Kiganja chake kipo pale, cha tatu kutoka kulia.

Zamu ya Usiku

Salamu kutoka London. Mwaka 2009 nilikuwa nasafisha maofisi katikati ya jiji, narudi nyumbani alfajiri. Pale kwenye uwanja wa Trafalgar Square kuna vitako vinne vya mawe vya kusimamishia sanamu, na cha nne kilijengwa kwa ajili ya sanamu ya mfalme juu ya farasi ambayo fedha zake hazikupatikana, kikakaa kitupu zaidi ya miaka 150. Mchongaji Antony Gormley akasema wapande watu wa kawaida badala ya mfalme. Kila mtu saa moja, usiku na mchana, siku 100 mfululizo. Pigeni hesabu: watu 2,400. Walipatikana kwa bahati nasibu, na mashine ndiyo iliyowapandisha na kuwashusha. Kuzunguka kitako kulitandazwa wavu, anayeteleza asifike chini.

Mchana walikuwepo wenye mabango na wenye kucheza ngoma. Mimi ninayemkumbuka ni mama mmoja wa saa kumi alfajiri. Kajifunika blanketi, anakunywa chai ya chupa, uwanja mzima hauna mtu ila mimi na njiwa. Nikampungia mkono, akainua kikombe. Hakuna aliyempangia la kufanya. Saa ilikuwa yake.

Fundi, mkatieni kila mtu kipande chake na mumwachie. Hata akichora ovyo.

Steji ya Kampala

Fupi tu. Huku mwaka 2014, kwenye tamasha la sanaa la KLA ART, wasanii na waendesha boda waliungana wakageuza pikipiki zenyewe kuwa kazi za sanaa. Mna kijiwe cha boda hapo ukutani, mbona mnawaza ukuta peke yake?

Fundi Rangi wa Temeke

Nimewasoma wote, asanteni.

Mama Wawili, pole sana dada. Hapa mikono ya watoto itaguswa na rangi ya maji tu, nasimamia mwenyewe. Ya mafuta inabaki kwenye brashi za wakubwa.

Mtoto wa Reli, nilikwenda kuangalia pa kuvuja. Futi mbili za chini chumvi ya mkojo imeshakula bloku, ukigusa inamomonyoka kama biskuti. Ndiyo maana njiwa wa wale wageni alianza kubanduka mkia. Nitakwangua, nipige plasta ya saruji, niache ikauke vizuri ndipo rangi ifuate.

Ukuta tumeupima hatua thelathini na sita. Tumegawa hatua mbilimbili, watu kumi na wanane. Mama wa uji kachagua wa kwanza, na kachagua palepale penye dimbwi. Anasema sufuria lake likichorwa hapo tuone nani ana roho ya kulikojolea.

Maandishi ya faini nilitaka kuyafuta, vijana wamekataa katakata. Wanasema huo ndio mchoro wa kwanza wa mtaa. Wanachobishania sasa ni kama bei ibaki 50,000 au ipande.