Tupeane uzoefu: mtaa wako hapa Mwanza una njia ya kutokea?

Wakuu habari za jioni. Naanza mimi. Mwaka niliohamia Buhongwa nilikuwa naenda kwa dada Igoma kila Jumapili, ukiangalia ramani ni hapo nyuma ya vilima tu, ila napanda daladala mpaka mjini, nashuka, napanda nyingine ya Igoma, yaani nauli mbili kwenda kwa mtu ambaye jogoo wake nilikaribia kumsikia. Bodaboda wa kupita Kishiri walikuwepo, mvua ikinyesha anakwambia shuka tusukume. Sensa ya 2012 Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za jiji letu, tulikuwa kama laki 7, ya 2022 tumevuka milioni 1.1, na asubuhi wote tunamwagikia barabara zilezile tatu, ya Shinyanga, ya Musoma na ya Airport. Leteni yenu.

Binti wa Igogo: We mwenzetu una pa kuzungukia. Huku juu ya mawe mama alishikwa na presha usiku, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne wakambeba, mimi mbele namulika na simu. Ngazi zenyewe ni mawe yamepangwa na mabomba ya maji yamekatiza juu yake. Bajaji inasubiri chini lami. Kona ya mwisho kiti kikavunjika mguu, mama akacheka na presha yake hivyohivyo.

Jirani_Buswelu: Mimi nilinunua shambani kwa mzee, tukapima kwa hatua za miguu, akanyoosha fimbo akasema barabara itapita hapa. Aliyenunua baada yangu kajenga ukuta palepale kwenye fimbo. Urasimishaji ulipokuja, yaani kupimiwa rasmi viwanja tulivyokwisha jenga, tukaambiwa kila mtu arudi nyuma kidogo njia ipatikane, wote tukakubali kwenye kikao, kwenye kuweka bikoni, yale mawe ya mipaka, hakuna aliyerudi. Mwaka jana choo kimejaa, gari la majitaka limeishia kwa jirani wa nne, wakaunganisha mipira mitatu ikapita uani kwa watu, mmoja ukachomoka karibu na jiko la mama ntilie. Nililipa na wali.

Kiseke kwetu: Sisi viwanja vilipimwa, barabara pana zipo kabisa, mbuzi wanazifurahia sana.

Mgeni wa jiji: Jirani_Buswelu huyo mzee bado anauza? Maana juzi kuna mzee kanionesha kiwanja huko, na barabara kanionesha kwa fimbo.