Akaunti ya benki Ujerumani: ya kabla ya kufika na ya baada ya kufika

Kutoka Morogoro

Shikamooni wakubwa. Nimepata chuo Leipzig, naanza Oktoba, kwa sasa nasubiri miadi ya viza. Ubalozi unataka akaunti iliyofungwa. Mwenye chumba naye anasema nimpe kwanza namba ya akaunti ya Ujerumani ndipo tuandikishane mkataba. Nitafunguaje akaunti huko nami niko huku? Naombeni mwongozo.

Kutoka Leipzig

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Hizo ni akaunti mbili tofauti, usizichanganye.

Ya ubalozi, hiyo iliyofungwa, inaitwa Sperrkonto: pesa inakaa humo bila kuguswa mpaka ufike. Hiyo unaifungua ukiwa hapo hapo Morogoro, kwa intaneti, kwa pasipoti yako. Tangu Septemba 2024 mwanafunzi anatakiwa aweke euro 11,904 za mwaka mzima, na akishafika anaachiwa 992 kila mwezi. Siku ya kwenda benki kutuma pesa hiyo kwa TT, yaani uhamisho wa benki kwenda nje, fungua macho kwenye kile kisehemu cha fomu kinachouliza nani analipa gharama. Weka alama kwenye OUR, ili makato yote yawe juu yako hapo hapo. Usipofanya hivyo, benki ya katikati inanyofoa chake njiani, pesa inafika pungufu kwa euro ishirini hivi, na cheti cha kupeleka ubalozini hakitoki. Kutuma hizo ishirini peke yake kunaweza kula zaidi ya ishirini.

Ya pili ni akaunti ya kawaida ya matumizi, Girokonto. Huku ndiko vijana wengi wanakokwama, kwa sababu 992 haziji mkononi, zinaingizwa kwenye Girokonto yako. Usipokuwa nayo, una zaidi ya milioni thelathini za Kitanzania kwa jina lako na bado unaomba mwenzio akulipie tramu.

Kwa kawaida unaifungua baada ya Anmeldung, yaani kujiandikisha anwani yako manispaa. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie, na lazima mwenye nyumba akusainie fomu kwamba unaishi kwake. Miadi ya manispaa iombe kabla hujapanda ndege, maana miji mikubwa foleni yake si mchezo. Fomu ya benki itakuuliza pia namba ya mlipakodi: andika TIN yako ya TRA, na namba ya kodi ya Ujerumani utaipeleka ikishakuja kwa posta.

Huyo mwenye chumba mwambie utampa namba ukifika. Akisisitiza umtumie amana kabla hujaona chumba wala mkataba, achana naye. Matapeli wa vyumba wanawapenda sana wanafunzi walioko mbali.

Kutoka Bremen

Naongezea hapo, mimi ni wa Mombasa. Niliambiwa dirishani benki kuwa hawafungulii mtu mwenye kibali kifupi cha kuishi, rudi ukipata kirefu. Nilipotaja neno Basiskonto, mama yule akaenda nyuma, akarudi na fomu. Tangu Juni 2016 sheria ya hapa inampa kila anayeishi Umoja wa Ulaya kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata kama hana anwani ya kudumu, hata mwomba hifadhi. Ukishajaza fomu kamili, benki ina siku 10 za kazi. Ikikataa, ikuandikie na itaje sababu, na barua hiyo unaipeleka BaFin, wasimamizi wa mabenki. Kukataliwa kwa mdomo msikubali, hakuna pa kukupeleka.

Ada yake iangalieni lakini. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya Ujerumani, iliyoko Karlsruhe, ilisema euro 8.99 kwa mwezi kwa akaunti ya aina hii zimezidi. Mwanafunzi aulizie kwanza akaunti ya wanafunzi, mara nyingi ni bure.

Kutoka Morogoro

Asanteni sana. Na zile benki za kwenye simu tu, hazina urahisi?

Kutoka Leipzig

Zina urahisi ukipita kwenye utambulisho. Wanakuhoji kwa video huku umeshika pasipoti mbele ya kamera, ila si pasipoti za nchi zote zinazokubalika kwa njia hiyo. Yako ikigoma, tafuta benki inayotumia PostIdent: unakwenda posta na pasipoti, karani anakuhakiki. Na ikiwa namba ya akaunti yako itaanza na LT (Lithuania) au BE (Ubelgiji) badala ya DE (Ujerumani), mwajiri hana ruhusa ya kuikataa, kanuni ya SEPA, mfumo wa malipo ya euro Ulaya, inamzuia.

Jambo moja watu wanalidharau: jina kwenye sanduku la barua. Nyumba za huku hazina namba za vyumba kwenye anwani, tarishi anasoma jina tu. Kadi ya benki inakuja na barua yake, namba ya siri inakuja na nyingine siku tofauti, na asipoona jina lako anazirudisha zote. Umepanga kwa mtu? Bandika karatasi chini ya jina lake siku hiyo hiyo, na uandike jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti.

Kutoka Bremen

Na baada ya Anmeldung itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Si matapeli, usiitupe. Inalipwa moja kwa nyumba nzima, kwa hiyo waulize mnaokaa nao nani tayari analipa, uandike namba yake ya kulipia ada hiyo kwenye jibu.