Mnaoandaa miongozo ya kompyuta, hizi picha za skrini nani anazisoma?

Wakuu, hili limezidi. Mwongozo mzima, kila hatua imeandikwa "bonyeza kama inavyoonekana kwenye picha", na kwenye picha hakionekani kitu! Mtu anapewa kivuli, yaani fotokopi, chenye mraba mweusi, kisha anaambiwa ajaze fomu kwenye mfumo. Lawama zote anatupiwa kijana wa steshenari na mashine yake, wakati picha ilishaharibika kabla ya kufika kwake.

Kosa kubwa ni kupiga picha ya skrini nzima. Skrini yenye upana wa pikseli 1920 (pikseli ni vile vidoti vinavyounda picha) ukiibana kwenye sentimita 16 za karatasi ya A4, kila sentimita inabeba pikseli 120. Herufi yenye kimo cha pikseli 12 inatoka milimita 1. Akitokea wa kubana matumizi akachapa kurasa mbili kwenye karatasi moja, inashuka hadi milimita 0.7 hivi. Hiyo asome nani? Punguzeni dirisha kwanza, hata lifike upana wa pikseli 640, ndipo mbonyeze Alt na Print Screen ili lichukuliwe dirisha hilo peke yake. Kwa upana uleule wa karatasi, herufi ileile inatoka milimita 3. Msomaji anatafuta kitufe na maneno yaliyo jirani yake. Saa ya kwenye kona ya skrini haimsaidii chochote!

Halafu mnahifadhi kwa JPEG, aina ya faili la picha ambayo inatia vidoadoa pembeni mwa herufi. Tumieni aina ya PNG. Mkitumiana kwa WhatsApp, itumeni kama dokumenti, maana ikienda kama picha inabanwa. Word nayo hubana picha wakati wa kuhifadhi: ingieni Options, sehemu ya Advanced, mkazuie hilo kabla ya kuweka picha ya kwanza.

Na rangi! Mshale mwekundu juu ya kitufe cha bluu, kwenye kivuli vyote ni kijivu kimoja. Printa ya leza yenye tona (wino wa unga) nyeusi pekee haina kijivu, inakiigiza kwa vitone vyeusi. Mashine ya fotokopi ikivisoma vitone hivyo, vingine vinaungana kuwa doa, vingine vinapotea. Ndiyo maana maandishi ya kijivu hufutika na skrini ya mandhari meusi hutoka kama lami. Washeni mandhari meupe kabla ya kupiga. Mshale uwe mnene, mweusi, wenye ukingo mweupe.

Kwa wa steshenari: kwenye mashine ya fotokopi chagueni hali ya maandishi na picha, si maandishi matupu. Msitoe kivuli cha kivuli. Ombeni PDF mchape upya.

Tena andikeni jina la kitufe kwenye sentensi: "Bonyeza Hifadhi, juu kulia". Kabla ya kuidhinisha, toeni kivuli kimoja cha nyeusi na nyeupe, mpeni mtu ambaye hajawahi kuuona mfumo. Kitufe asichoweza kukisoma, picha yake ipigwe upya.