Wauza Frankenstein mnatuibia! Andikeni kwenye jalada kama ni ya 1818 au ya 1831

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana hili jambo limenikaa kooni na leo nalitema.

Kuna ulaghai kwenye biashara ya riwaya za kale za Kiingereza na hakuna anayeupigia kelele, kwa sababu wengi tunaamini kitabu ni kitabu, ilimradi jina la juu ni lile lile. Nazungumzia Frankenstein ya Mary Shelley, ile riwaya ya Victor Frankenstein, kijana msomi anayeumba kiumbe hai kisha akamtelekeza. Ingia dukani au mtandaoni, utakuta nakala tele za kila bei, na nyingi zinakuficha jambo ambalo mnunuzi alipaswa kuambiwa kabla hajatoa hata senti: humo ndani kuna Frankenstein ipi?

Maana zipo mbili. Ya kwanza ilitoka London tarehe 1 Januari 1818, juzuu tatu, nakala 500, bila jina la mwandishi. Mary alikuwa ameanza kuiandika akiwa na miaka 18. Nyingine ni ya 1831, juzuu moja, katika mfululizo wa riwaya za bei nafuu wa wachapishaji Colburn na Bentley, na hiyo Mary mwenyewe aliipitia upya na kuibadilisha. (Katikati, mwaka 1823, ilitoka chapa iliyosimamiwa na baba yake, William Godwin, ndiyo ya kwanza Uingereza kubeba jina la Mary, ila hiyo huwezi kuikuta madukani leo.)

Ukimbana muuzaji anakwambia ni tofauti za lugha tu, hadithi ni ile ile. Na ubaya ni kwamba anaweza kumtaja Mary kuwa shahidi wake, kwa sababu kwenye utangulizi wa 1831 Mary aliandika kwamba mabadiliko yake ni ya mtindo zaidi, na kwamba hakubadilisha sehemu yoyote ya hadithi wala kuingiza mawazo mapya. Namheshimu sana yule mama, lakini maandishi yake mwenyewe yanamkatalia.

Kwenye kikundi chetu cha kusoma hili lilitaka kutugombanisha. Kila mtu alikuja na nakala aliyoipata alikoipata. Dada mmoja akaanza kuzungumzia ndoa ya Victor na Elizabeth, akasema zile familia za zamani walikuwa wanaozeshana ndugu kwa ndugu bila shida, huyu anaoa mtoto wa shangazi yake. Kaka mmoja akamkatiza: shangazi gani? Elizabeth si ndugu yao, ni yatima waliyemtoa kwa watu maskini huko Italia. Dada akafungua ukurasa, kaka naye akafungua wake, kila mmoja anasoma kwa sauti na kila mmoja yuko sahihi. Mjadala ukafa pale pale. Watu wazima, wametoka makazini wamechoka, wamelipia vitabu vyao, wanaishia kubishana kama mhusika mkuu ni ndugu au si ndugu, kwa sababu tu wachapishaji wawili hawakutaka kuandika mwaka kwenye jalada.

Kwa faida ya wasioijua tofauti yenyewe. Katika 1818, Elizabeth ni mtoto wa dada yake mzee Frankenstein, baba yake Victor. Mama yake akafariki, baba yake Mwitaliano akataka kuoa tena, akamwandikia shemeji yake amchukue mtoto. Ni habari ya kifamilia ya kawaida kabisa. Katika 1831 hakuna shangazi wala barua. Mama yake Victor anamkuta mtoto mwenye nywele za dhahabu kwenye kibanda cha mkulima karibu na Ziwa Como, watoto wa mkulima wana njaa, na huyu mmoja anang'aa katikati yao kwa sababu ni damu ya kabaila wa Milan. Mama anamchukua, na usiku wa kuamkia siku ya kumleta nyumbani anamwambia Victor kwamba amemwandalia zawadi nzuri. Na Victor anaipokea kauli hiyo kama ilivyo: anakua akiamini Elizabeth ni mali yake. Ukijua hivyo, halafu ukasoma kinachompata Elizabeth usiku wa harusi, unaisoma hadithi nyingine kabisa. Hapo mtu asinieleze habari za mtindo.

Chukua pia ule mti wa mwaloni uliopigwa na radi Victor akiwa na miaka kama 15. Katika 1818 mtoto anamuuliza baba yake radi ni nini, baba anamjibu ni umeme, anamtengenezea kijimashine kidogo na tiara yenye waya ya kuuteka umeme kutoka mawinguni. Baba anajali, baba anafundisha. Katika 1831 baba ameondolewa mahali hapo, na anayeeleza umeme ni mgeni mmoja msomi aliyekuwapo siku hiyo. Kwenye riwaya ambayo kiini chake ni baba anayemtelekeza kiumbe alichokiumba mwenyewe, huyo baba wa mwanzoni ana uzito wake!

Kubwa kuliko yote, kwangu, ni majaaliwa. Victor wa 1818 ana nafasi za kugeuka nyuma na hageuki. Victor wa 1831 kila mara anatuambia ilikwisha andikwa, nguvu kubwa kuliko yeye imeamua aangamie. Kati ya hizo chapa mbili Mary alizika watoto, mume wake Percy akafa maji Julai 1822, rafiki yao mshairi Byron akafariki 1824. Sishangai mtu aliyepitia hayo kuiona dunia inaendeshwa na mkono usioonekana. Kwa hiyo sisemi toleo la 1831 ni baya, hata kidogo. Lina ule utangulizi wake wa namna hadithi ilivyozaliwa pale Villa Diodati kando ya Ziwa Geneva, kiangazi cha mvua cha 1816, na utangulizi huo peke yake ni hazina. Ninachosema ni kwamba nina haki ya kujua ninanunua lipi. Kuniuzia bila kuniambia ni kuniuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa njooni kwenye nakala iliyonifanya nikae chini niandike uzi huu. Mchapishaji simtaji, lakini ni wale wanaochukua maandishi ya bure mtandaoni na kuchapa kitabu kimoja kimoja mteja akishalipa. Nje wameandika kwa maringo kwamba ni maandishi ya asili ya 1818. Ndani sura ni 24. Toleo la 1818 lina sura 23, zimegawanywa juzuu ya kwanza 7, ya pili 9, ya tatu 7. Sura 24 zinazofuatana moja kwa moja ni za 1831. Yaani hata kuhesabu hawakuhesabu, au walihesabu wakanyamaza.

Na uchapaji wenyewe! Iko sehemu Victor ametoka kumwona kiumbe wake akifumbua macho, anatembea mitaa ya Ingolstadt, mji wa Ujerumani anakosoma, kulipopambazuka, mvua inamnyeshea, na Mary anaingiza beti ya mshairi Coleridge kuhusu mtu anayepita njia ya upweke kwa hofu, hageuzi tena kichwa kwa sababu anajua kuna zimwi linamfuata nyuma. Ni moja ya kurasa ninazozipenda kuliko zote. Kwenye nakala yangu mistari ya shairi imeunganishwa na aya kama maneno ya kawaida, na katikati ya mstari imechomekwa namba ya ukurasa wa kitabu kingine walichokiskani. Niliposoma pale nilikifunga kitabu, nikashindwa kuendelea.

Kisha wamefuta alama za kunukuu. Mtu anaweza kusema alama ni kitu kidogo. Kwenye riwaya hii siyo. Hadithi yote ni barua za nahodha Walton, aliyemwokoa Victor kwenye barafu ya kaskazini, kwa dada yake aliyeko Uingereza. Ndani ya barua anasimulia Victor. Ndani ya masimulizi ya Victor anasimulia kiumbe. Na ndani ya masimulizi ya kiumbe kuna habari za familia ya De Lacey, watu maskini aliokuwa anawachungulia kwa siri. Sauti ndani ya sauti. Kinachokuongoza ujue ni nani anasema "mimi" ni zile alama mwanzoni mwa kila aya. Ukizifuta, msomaji wa mara ya kwanza anapotea katikati ya kitabu, anadhani tatizo ni Kiingereza chake. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ni wangapi wameiacha Frankenstein njiani wakijiona hawana akili ya kusoma vitabu vya kale, kumbe kitabu chenyewe ni kibovu?

Wapo wabaya zaidi, wanaozikata barua za Walton zote, wanaanzia pale Victor anaposema yeye ni mzaliwa wa Geneva, na hakuna popote walipoandika kwamba kitabu kimefupishwa. Bila Walton hakuna barafu, hakuna meli, hakuna mtu wa kusikiliza, na ule mwisho hauwezi kueleweka.

Majalada nayo. Jitu la kijani, kichwa bapa, vyuma shingoni. Huo ni uso wa Boris Karloff kwenye filamu ya 1931, kazi ya Jack Pierce aliyempamba. Mary aliandika kiumbe mwenye urefu wa futi 8, ngozi ya njano isiyotosha kufunika misuli na mishipa, nywele nyeusi zinazong'aa, meno meupe kama lulu, macho ya majimaji, midomo myeusi. Na anazungumza vizuri kuliko aliyemuumba. Amesoma Milton, Plutarch na Goethe. Mchapishaji anayeweka vyuma vya shingoni kwenye jalada, halafu nyuma ya kitabu anamwita kiumbe "Frankenstein", anakiri hadharani kwamba hajafungua kitabu anachokiuza.

Mtaniambia ningesoma maoni ya wateja kwanza. Ndugu zangu, maoni hayo yamechanganywa. Tovuti nyingi zinaweka chini ya jina moja maoni ya kila toleo, kwa hiyo unasoma mtu anayesifu tanbihi nzuri na utangulizi wa kina, unaletewa kitabu kisicho na tanbihi hata moja. Tanbihi nazo siyo pambo. Mtu atajuaje Cornelius Agrippa na Paracelsus ni akina nani, na kwa nini baba yake Victor anamdharau huyo Agrippa? Atajuaje kwamba Januari 1803, pale London, Giovanni Aldini alipitisha umeme kwenye maiti ya mtu aliyenyongwa mbele ya watu, taya zikatetemeka na jicho moja likafumbuka? Wasomaji wa Mary walikuwa na kumbukumbu za mambo hayo. Sisi tunahitaji mhariri atueleze.

Kwa wanaouliza wanunue ipi: msinunue kwa jalada, nunueni kwa jina la mhariri na mwaka wa maandishi. Oxford World's Classics wanayo ya 1818, iliyohaririwa na Marilyn Butler, na baadaye mwaka 2018 wakatoa ya Nick Groom. Ile ya M. K. Joseph yao ni ya 1831. Penguin Classics nao wanazo zote mbili: ya Maurice Hindle ni ya 1831, na ile yenye utangulizi wa Charlotte Gordon ni ya 1818. Mwanafunzi atafute Norton Critical Edition ya J. Paul Hunter, ni 1818 pamoja na makala za wahakiki, au ile ya Broadview ya Macdonald na Scherf. Na anayetaka kumaliza ubishi wa nani aliandika nini kati ya Mary na Percy, Charles E. Robinson alichapisha mwaka 2008 maandishi kutoka daftari zenyewe zilizoko Maktaba ya Bodleian kule Oxford, maneno aliyoongeza Percy yakiwa kwa herufi za mlalo. Mimi ningekwambia anza na 1818, kisha soma utangulizi wa 1831 peke yake. Ila ukipenda 1831, soma 1831, mradi umeichagua wewe.

Ukiwa dukani na hakuna mwaka popote, nenda sura mbili za mwanzo baada ya barua, tafuta Como. Ukiikuta, ni ya 1831. Halafu angalia namba ya sura ya mwisho.

Wauzaji mlioko humu, najua mpo, mnasoma. Siwaombi mshushe bei. Weka picha ya ukurasa wa haki miliki, andika 1818 au 1831, taja mhariri kama yupo na sema wazi kama kimefupishwa. Ni mstari mmoja wa maelezo. Mimi nimeomba kurudishiwa pesa yangu, nikajibiwa kwamba kitabu "hakina kasoro" kwa sababu kurasa zote zipo. Nimewajibu kwa picha ya lile shairi la Coleridge lenye namba katikati, na sitanyamaza mpaka nirudishiwe.

Wenye nakala nzuri wekeni hapa chini picha ya ukurasa wa haki miliki na mahali mlipoipata. Wenye nakala za ovyo wekeni pia, tuzijue kwa sura.